Watoto Walionyimwa Kisu

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli tupu, na sote tumeiimba tangu madarasa ya chini. Lakini methali hiyo inaanza na mtoto ambaye tayari ameruhusiwa kukua. Je, yule ambaye watu wazima wamekaa kikao, wakamtazama usoni, kisha wakaamua kuwa kukua kwake hakuna faida? Huyo tumtungie methali gani?

Makala haya yanawahusu watoto wachanga wanaozaliwa na mizigo miwili kwa mpigo: moyo wenye kasoro, na kasoro katika vinasaba, yaani katika ule urithi ambao kila mmoja wetu hupewa na baba na mama kabla hajazaliwa. Ndugu msomaji, usitishwe na maneno ya kidaktari, tutayafungua moja baada ya jingine. Hoja yangu ni moja tu. Kwa miaka mingi, katika hospitali kubwa za Marekani na Uingereza, ilisemwa kwamba watoto hawa hufa mapema, kwa hiyo hakuna haja ya kuwapasua. Kumbe walikuwa wakifa mapema kwa sababu hawakupasuliwa! Kifo kikawa ushahidi wa kutowatibu, na kutowatibu kukaleta kifo. Ni kama ngamia wa kukamua mafuta ya ufuta: amefungwa macho, anazunguka kinu kutwa nzima, naye anadhani yuko safarini.

Kasoro mbili, mwili mmoja

Moyo, kama tulivyofundishwa shuleni, ni pampu yenye vyumba vinne. Upande wa kulia hupokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu, na upande wa kushoto hupokea damu iliyoburudishwa na kuirudisha mwilini. Kati ya pande hizo kuna ukuta. Na kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna milango inayofunguka na kufunga, ambayo madaktari huiita valvu.

Kiasi cha mtoto mmoja katika kila watoto 100 huzaliwa na moyo wenye hitilafu. Wengine tundu lao ni dogo, hujifunga lenyewe bila hata mama kujua. Lakini wako watoto ambao katikati ya moyo, pale kuta na valvu zinapotakiwa kukutana, hapakuungana kitu. Panabaki uwazi mmoja mkubwa, na valvu moja pana badala ya mbili. Damu safi na damu iliyochoka zinachanganyika, mapafu yanafurika, mtoto anahema kama aliyekimbia, jasho linamtoka anaponyonya, na uzito haupandi.

Tundu hilo la katikati ndilo mwenzi mkubwa wa sindromu ya Down. Mwaka 1866 daktari wa Kiingereza, John Langdon Down, alieleza sura na tabia za watoto hao, na kwa fikra za ubaguzi za zama zake akawaita kwa jina la watu wa Asia, eti kwa sababu ya umbo la macho. Jina hilo lilianza kuachwa miaka ya 1960. Mwaka 1894 mwenzake, Archibald Garrod, aliandika kuhusu uhusiano wa kasoro za moyo na kasoro nyingine za kuzaliwa nazo. Ilipofika mwaka 1959, huko Paris, kazi ya Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin ilionyesha kiini chake: seli za watoto hao zina kromosomu 47 badala ya 46. Leo tunajua kwamba karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na sindromu ya Down wana kasoro ya moyo.

Kuna jambo jingine la kushika kabla hatujaendelea, maana ndilo roho ya kisa chote. Mapafu yakifurika damu kwa nguvu kubwa mwezi hadi mwezi, mishipa yake hukakamaa. Mwaka 1897 Victor Eisenmenger alieleza hali ya mgonjwa aliyefikishwa huko. Mishipa ikishakakamaa kabisa, kuziba tundu hakusaidii tena, na huenda kukamuua mgonjwa. Kwa mtoto mwenye Down mlango huo hujifunga mapema, pengine kabla hajatimiza mwaka. Kwa hiyo kusema "tusubiri tuone" si kukaa katikati. Kwa mtoto huyu kusubiri ni uamuzi kamili, nao una matokeo yake.

Kisu chaingia kifuani

Mpaka miaka ya 1930 moyo ulikuwa kama msitu wa matambiko, hauingiwi ovyo. Kasoro zake zilijulikana zaidi kwa kutazama maiti kuliko kwa kutibu walio hai. Maude Abbott, mwanamke wa Kanada ambaye Chuo Kikuu cha McGill kilikataa kumsomesha udaktari kwa sababu tu ni mwanamke, ndiye aliyekusanya kumbukumbu za mioyo 1,000 yenye kasoro na kuzitoa kitabuni mwaka 1936. Kitabu cha wafu hicho, lakini bila hicho walio hai wasingepata tiba.

Mwaka 1938, huko Boston, kijana Robert Gross alisubiri mkuu wake asafiri, kisha akamfunga mtoto wa kike wa miaka saba mshipa uliokataa kujifunga baada ya kuzaliwa. Mtoto akapona. Miaka sita baadaye, tarehe 29 Novemba 1944, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, likafanyika jambo kubwa zaidi. Helen Taussig, daktari wa watoto ambaye masikio yake yalikuwa yamefifia hata akawa anausikiliza moyo kwa ncha za vidole, alikuwa amechoka kuwaona watoto wakigeuka rangi ya buluu na kufa. Wazo lake lilikuwa kuwachepushia damu iende kwenye mapafu. Alfred Blalock akashika kisu. Na nyuma ya Blalock, juu ya kijingazi, alisimama Vivien Thomas, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameijaribu kazi hiyo kwa mbwa wa maabara mara nyingi kuliko mtu yeyote, akimwelekeza daktari mkubwa wapi adunge sindano. Jamani, mtu huyo alilipwa kwa daraja la mfagiaji! Chuo kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976.

Mtoto wa kwanza, binti wa miezi 15, alipata nafuu kisha akafariki miezi michache baadaye. Hawakuacha. Wakaendelea, na watoto wakaanza kuletwa Baltimore kutoka pembe nyingi za dunia.

Halafu ikaja zamu ya kufungua moyo wenyewe. Mei 1953 John Gibbon wa Philadelphia alitumia mashine iliyofanya kazi ya moyo na mapafu wakati akiziba tundu la msichana wa miaka 18. Wagonjwa wake waliofuata walikufa, naye akakata tamaa. Mwaka 1954 Walton Lillehei wa Minnesota alikuja na jambo la kutisha: akaunganisha mishipa ya mtoto na ya mtu mzima, mara nyingi mzazi, ili moyo wa mkubwa uwafanyie kazi wote wawili. Aliwapasua hivyo wagonjwa 45. Waliotoka hospitali wakiwa hai ni 28. Mwaka 1955 John Kirklin wa Mayo Clinic akaichukua mashine ya Gibbon, akaiboresha, akawapasua wagonjwa wanane wa mwanzo. Wanne walikufa.

Hebu tusimame hapo kidogo. Wanne katika wanane. Kumi na saba katika 45. Hivi kuna aliyesema, "Mnaona, watoto wenye matundu ya moyo hufa mezani, tuwaache"? Walikuwapo waliolalamika, ndiyo. Lakini taaluma kwa jumla ilisema: tumekosea wapi, turekebishe nini? Kifo cha mtoto wa kawaida kilikuwa somo. Sasa tazama ilivyokuwa kwa mwenzake mwenye kromosomu 47.

"Huyu mwacheni"

Kwa mtoto mwenye Down, kifo hakikuwa somo, kilikuwa jibu. Katika miaka ya 1960 na 1970 tundu lile la katikati lilihesabiwa kati ya kazi ngumu kabisa za upasuaji, na mtoto mwenye Down alionekana ni mgonjwa mbaya wa kujifunzia. Mapafu yake hukakamaa haraka, kinga yake ni dhaifu, njia yake ya hewa ni nyembamba. Hayo yalikuwa kweli. Lakini chini ya sababu hizo za kitabibu ilijificha sababu nyingine, isiyoandikwa kwenye faili: huyu hatakuwa na akili kama wengine, basi ya nini?

Wakati mwingine iliandikwa waziwazi. Mwaka 1973 madaktari wawili, Raymond Duff na A. G. M. Campbell, walichapisha taarifa kuhusu wodi ya watoto wachanga mahututi katika hospitali ya Yale-New Haven. Katika miaka miwili na nusu walikufa watoto 299. Kati yao, 43 walikufa baada ya uamuzi wa kutowapa au kuwaondolea matibabu. Wanane kati ya hao 43 walikuwa na kromosomu ya ziada, na wanane walikuwa na matatizo ya moyo au mapafu. Waandishi hawakuwa wauaji, walitaka tu jambo lililokuwa likifanyika kwa minong'ono lisemwe mchana kweupe. Na liliposemwa, watu walishtuka.

Kisa kinachoeleza zaidi ni cha kijana wa California ambaye mahakama zilimwita Phillip B. Alizaliwa na Down mwaka 1966, wazazi wakampeleka kwenye makao ya kulelea. Alikuwa na tundu katika ukuta wa moyo. Madaktari walipendekeza upasuaji, wakakadiria kuwa hatari ya kufa mezani ni kati ya asilimia 5 na 10. Wazazi wakakataa. Serikali ya jimbo ikaenda mahakamani ili aamriwe kutibiwa. Mwaka 1979 mahakama ya rufani ikasema hapana, uamuzi wa wazazi ubaki. Na moja ya mambo yaliyopimwa ni kwamba kwa mtoto mwenye Down hatari ni kubwa kuliko kwa wengine. Umeona kinu kinavyozunguka? Hatari iliongezeka kwa kucheleweshwa, na sasa hatari hiyo hiyo ikawa sababu ya kuchelewesha tena.

Phillip B. aliokolewa na upendo wa watu baki. Mke na mume waliokuwa wamemzoea kule makaoni, wakampenda kama wa kuzaa, walidai haki ya kumlea. Walishinda mwaka 1981, rufani ikathibitisha mwaka 1983, na mwaka huo huo kijana akapasuliwa na kupona. Hatua chache kwa daktari, lakini ilibidi zipigwe kupitia mahakama kadhaa.

Katikati ya kesi hiyo likatokea lile la Bloomington, jimbo la Indiana. Aprili 9, 1982 alizaliwa mtoto mwenye Down ambaye umio wake haukuungana na tumbo. Kwa kuwa wazazi waliamua asipasuliwe, na mahakama zikawaunga mkono, alikufa baada ya siku sita bila kulishwa. Tatizo lake la kufisha halikuwa la moyo, lakini kifo chake ndicho kilichowatikisa wanasiasa. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto, ili kumnyima mtoto mwenye ulemavu tiba ya lazima kuhesabiwe kuwa ni kumtelekeza, isipokuwa pale tiba yenyewe inapokuwa ya bure.

Tusiwasute wazazi wale kana kwamba hawakuwa na moyo. Waliambiwa na watu wenye koti jeupe, watu waliowaamini, kwamba mtoto wao hatajua hata jina la mama. Nani kati yetu angesimama peke yake mbele ya koti jeupe?

Hesabu zageuka

Sasa lije lile ambalo historia hii inatufundisha kwa tarakimu. Katika miaka ya 1970 mabingwa kama Brian Barratt-Boyes wa Auckland na Aldo Castaneda wa Boston walionyesha kuwa moyo wa kichanga unaweza kutengenezwa moja kwa moja, bila kungoja akue. Kipimo cha mawimbi ya sauti, kile cha eko, kikawezesha kuuona moyo bila kupitisha mrija mshipani. Umri wa kuziba tundu lile la katikati ukashuka mpaka miezi mitatu, minne, sita, yaani kabla mapafu hayajakakamaa.

Hata hivyo ubishi haukwisha. Mwaka 1985 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya madaktari wa London yenye kichwa cha swali: je, kuwepo kwa Down kubadilishe namna ya kumtibu mwenye tundu hilo? Swali halikuwa la kipuuzi, maana matokeo ya upasuaji yalikuwa bado mabaya mahali pengi. Lakini jibu lisingepatikana kwa kubishana. Lingepatikana kwa kuwapasua mapema, vizuri, na kuhesabu.

Na hesabu zilipokusanywa? Mwaka 2010 ulitolewa uchambuzi wa kumbukumbu za hospitali za Amerika Kaskazini. Watoto waliopasuliwa moyo walikuwa 45,579, na kati yao 4,350 walikuwa na Down. Kwa aina nyingi za upasuaji hakukuwa na tofauti ya maana ya vifo kati ya wenye Down na wasio nayo. Walikaa hospitali muda mrefu zaidi, maambukizi na matatizo ya kupumua yaliwasumbua zaidi, lakini walirudi nyumbani. Na katika tundu lile la katikati, lile lililokuwa kisingizio, tafiti mbalimbali zimeona kwamba wenye Down hufanya vizuri sawa na wengine, na mara nyingine kuwashinda. Sababu? Moyo wa mwenye Down mara nyingi una valvu inayoshonwa vizuri zaidi, na njia ya damu ya upande wa kushoto haibanwi mara kwa mara kama kwa wenzake. Kromosomu iliyolaumiwa, katika jambo hili, haikuwa na hatia.

Tusipake rangi, lakini. Mtoto mwenye Down ambaye moyo wake una chumba kimoja tu cha kusukuma damu, yule anayehitaji upasuaji wa hatua kwa hatua, hali yake ni ngumu kuliko ya mwenzake asiye na Down, kwa sababu njia hiyo hutegemea mapafu laini. Ukweli una pande zake.

Tazama pia umri wa kuishi. Nchini Marekani, nusu ya watu wenye Down waliofariki mwaka 1983 walikuwa hawajavuka miaka 25. Kufikia mwaka 1997 umri huo wa katikati ulikuwa miaka 49. Miaka 14 tu, na umri ukakaribia kuongezeka maradufu! Je, kromosomu ilibadilika? Hata kidogo. Kilichobadilika ni sisi. Watoto walitolewa makaoni wakalelewa nyumbani, wakapewa dawa, na mioyo yao ikatengenezwa.

Mkono wa nani?

Kuna wanaodhani matokeo ya upasuaji yanatoka kwa mtoto peke yake. Waulize watu wa Bristol, Uingereza. Mwaka 1988 daktari wa usingizi Stephen Bolsin alianza kazi katika hospitali kuu ya mji huo, akaona watoto wanakaa mezani muda mrefu mno na wengi hawaamki. Akaanza kuhesabu. Alisema ndani, hakusikilizwa, na mwishowe alihamia Australia. Baraza la madaktari lilichunguza upasuaji wa watoto 53, wakiwemo wenye tundu lile lile la katikati, na kukuta 29 walikufa. Tume iliyoongozwa na Ian Kennedy ilitoa ripoti mwaka 2001: kati ya mwaka 1991 na 1995 walikufa pale watoto wachanga kati ya 30 na 35 zaidi ya ambavyo ingetarajiwa katika kituo cha kawaida.

Baadhi ya watoto wa Bristol walikuwa na Down. Ingekuwa rahisi sana kusema, "Hao ni dhaifu, walikuwa wafe tu." Kasoro ya mtoto ni pazia zuri la kufichia kasoro ya hospitali. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye daftari na kalamu alikuwa tishio kubwa.

Swali lililobaki

Msomaji atasema: basi kisa kimekwisha, haki imeshinda. La, hakijakwisha. Mwaka 1960 John Edwards na Klaus Patau, kila mmoja na wenzake, walieleza hali mbili nzito zaidi, ambazo leo huitwa trisomi 18 na trisomi 13. Watoto hao huzaliwa na madhara makubwa ya ubongo na viungo vingi, na wengi mno huwa na kasoro ya moyo. Vitabu viliandika kwamba hali hizo "haziendani na uhai". Maneno hayo yalifunga faili.

Utafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, uliotolewa mwaka 2016, ulifuatilia watoto 254 wa trisomi 18 na 174 wa trisomi 13. Waliotimiza mwaka mmoja ni asilimia 12.6 na asilimia 19.8. Lakini soma mstari unaofuata: asilimia 9.8 na asilimia 12.9 walitimiza miaka 10. Kwamba wengi hufa ni kweli, lakini anayevuka mwaka wa kwanza ana nafasi nzuri ya kuendelea. Wachache waliofanyiwa upasuaji, wa moyo au wa viungo vingine, karibu asilimia 70 yao walikuwa hai mwaka mmoja baadaye.

Hapa ndipo tunapotakiwa kuwa waangalifu, tusije tukafungwa macho na kinu kingine kinachozunguka upande wa pili. Waliopasuliwa walikuwa tayari wameishi wiki au miezi kadhaa, yaani walikuwa wenye nguvu miongoni mwa dhaifu. Takwimu hiyo haisemi kwamba kisu kingewaokoa wote. Na kuziba tundu la moyo hakuondoi ulemavu wa akili wala tatizo la pumzi linalotoka kwenye ubongo. Wapo wazazi wanaochagua kumbeba mtoto wao kifuani siku zake chache bila mashine wala sindano, na huo nao ni upendo. Wapo wanaosema, mtengenezeni moyo, tukae naye miaka miwili. Nani amwambie mwenzake kwamba amekosea? Ninalokataa mimi ni jibu linalotolewa kabla ya mtoto kupimwa, kwa kusoma jina la kromosomu tu.

Na kwetu?

Kisa hiki cha ng'ambo kimeshabisha hodi kwetu. Kwa miaka mingi mtoto wa Tanzania mwenye tundu la moyo alingoja nafasi ya kupelekwa nje, India kwa mfano, na wengi waliishia kungoja. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale pale Upanga. Hilo si jambo dogo. Lakini wataalamu, vitanda na fedha bado havilingani na wagonjwa, na penye foleni ndefu lazima awepo anayeamua nani atangulie.

Kwa mtoto mwenye Down kuchelewa huanza kabla ya foleni. Huanza pale kijijini mtoto anapoitwa majina, anapofichwa chumba cha ndani wageni wakija, mama anapoambiwa ni mkosi wa ukoo. Mtoto akihema kwa taabu wanasema, "Hao ndivyo walivyo." Akija kupimwa moyo ana miaka mitatu, na mishipa ya mapafu imekwisha kukakamaa. Hapo daktari hata akiwa malaika atasema tumechelewa. Kisha takwimu itaandikwa: watoto hawa hufa mapema.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, mkisikia tarakimu yoyote kuhusu watoto hawa, ulizeni maswali matatu. Walipimwa wakiwa na umri gani? Walipewa tiba ile ile waliyopewa wenzao? Na nani alishika daftari? Mama wa jirani akijifungua mtoto wa namna hiyo, msimpelekee pole tu. Mwambieni ampeleke akapimwe moyo mwezi huu, asingoje mtoto achangamke kwanza. Nauli ikipungua, tuchange.